Kuku Hanywi Bia

Inspekta Aboubakar Nassoro hakuwa ameonja bia tangu azaliwe, na Jumatano ile asubuhi ndiye aliyetumwa kuikagua mashine ya bia ya Isaïe Paluku.

Mashine ilikuwa ndani ya kijumba cha matofali kwenye kona ya ua, katika mtaa wa Kabondo, kilichoegemea ukuta wa jirani. Hatua tatu kwa upana, nne kwa urefu, dirisha hakuna. Mlango ulikuwa na kizingiti cha saruji kinachokaribia goti, ili maji ya mvua yasiingie, na ulivutwa na kipande cha mpira wa baiskeli ili ujifunge wenyewe na ubaridi usitoke. Humo ndani, Jumapili, Isaïe, fundi wa mafriji anayejulikana mtaa mzima, alikutwa amekufa. Hakuwa na jeraha.

Mdogo wa marehemu, Benoît Kambale, muuza saruji na mabati, alisimama kizingitini akiziba mwanga kwa mabega yake.

"Chef, mambo iko wazi," alisema. "Mwanamuke alimuwekea yaya, kaka yangu, sumu ndani ya bia. Sasa unatafuta nini ingine?"

"Natafuta sumu."

"Si uonje! Iko bololo kabisa, uchungu tupu. Uliona wapi bia bololo vile?"

"Mimi sinywi, papa Benoît."

"Ah bon? Wametuma mutu asiyekunywa kuchunguza bia?"

"Wametuma mtu ambaye hatamaliza ushahidi."

Chini ya turubai la matanga, uani, mtu alicheka, kisha akakumbuka yuko wapi akanyamaza. Benoît hakucheka. Alitazama saa yake. Saa sita faili ingepelekwa kwa mwendesha mashtaka, na kama ingekwenda na neno sumu, mjane Virginie angelala gerezani usiku ule ule. Nyumba ingebaki kwa ukoo. Vipimo vya hospitali vilikuwa vya kungojewa wiki nyingi, na ukoo haukuwa na wiki nyingi.

Walichokuwa nacho ni maneno. Bia ilikuwa chungu. Tena Jumatatu, mbele ya watu wote, walimwamuru Virginie anywe kopo moja la bia ile ajisafishe, akakataa. Na katika mfuko wa shati la marehemu kilipatikana kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, ilhali Virginie hapaki kucha. Kwa hiyo kulikuwa na mwanamke mwingine, kwa hiyo wivu, kwa hiyo sumu. Kesi ilikuwa imefungwa kama gunia la mchele.

Inspekta alipiga magoti mbele ya mashine. Alikuja akitegemea kuona mitungi na mipira imefungwa ovyo kwa kamba. Alichokiona kilimfanya avue miwani, aifute, aivae tena.

Isaïe alichukua friza kubwa iliyokufa injini, akajaza maganda ya mpunga katikati ya kuta zake mbili. Alijua umeme wa mji huu: ukija, wewe unagandisha maji katika chupa kwenye friji ya nyumbani; ukienda, unazipanga chupa za barafu humo ndani na friza inakaa baridi siku mbili bila kumwomba mtu. Ndani yake lilisimama pipa la inox, chuma kisichoshika kutu, lita ishirini, ambalo zamani lilibeba maji matamu ya soda. Nje, sakafuni, ilikaa chupa ndefu ya gesi ile inayotia mapovu katika soda. Kazi yake ni kuisukuma bia kutoka pipani. Juu yake kulikuwa na saa ndogo ya kupimia nguvu ya gesi. Kutoka pipani mpira mwembamba ulizungushwa mizunguko mingi, nadhifu kama nywele zilizosukwa, ukatokea mbele ya friza kwenye robinet, koki ya kumiminia, yenye mkono wa mti mweusi uliopigwa msasa hadi ukang'aa. Hakuna waya uliolegea, wala tone sakafuni.

Ukutani kulikuwa na maandishi ya penseli. Inspekta alisoma kwa sauti ya chini: *Mpira mita 1, povu tupu. Mita 2, povu nusu kopo. Mita 3, povu vidole viwili. V. amecheka.*

"Mtu huyu alisoma wapi?" aliuliza.

"Yaya?" Benoît alijibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalainika. "Alifika darasa ya sita tu. Ile ingine ilitoka kichwani yake. Frigo ya mutu ikiharibika, anaweka sikio, anasikiliza kama docteur. Mimi ni yeye alinisomesha. Ciment yangu ya kwanza, ni yeye alinipa ya kuanzia."

Inspekta alisogeza tochi. Kila mahali nati ilipofunga bomba au mpira kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu, mwembamba kama uzi, unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye bomba. Alitoa bahasha ya vidhibiti, akakitoa kichupa cha rangi ya kucha, akakiweka karibu na mstari. Ilikuwa rangi ile ile.

"Mama Virginie aje," alisema.

Alikuja taratibu, kitambaa cheusi kichwani, mwanamke mrefu wa miaka hamsini hivi. Alipofika kizingitini hakuinua mguu kuingia. Inspekta alimwonyesha kichupa.

"Unakijua?"

"Ni mimi nilimununulia sokoni. Muuzaji akanicheka, eti mama, leo unaenda kwa bwana gani?" Alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Isaïe alisema rangi ya kucha haitoki na maji wala na bia. Akimaliza kufunga nati, anapiga mustari. Nati ikizunguka hata kidogo, mustari unakatika. Asubuhi anapita na lampe tu, anaona yote."

Benoît alinyoosha shingo kuutazama mstari.

"Anapiga mstari wakati gani?" inspekta aliuliza.

"Kisha ya sabuni. Anapaka povu ya sabuni, anangoja. Ikikosa kuvimba, anapiga mustari. Bila sabuni, hapigi. Hata ungemubembeleza."

Inspekta alirudi chini na tochi. Alihesabu nati kumi na moja, mistari kumi na moja, yote mizima. Nati ya kumi na mbili, ile ya shingoni mwa chupa ya gesi, haikuwa na mstari wowote.

"Hii chupa ilikuja lini?"

"Samedi jioni, ndiyo kesho yake alikufa. Alishinda Bangboka, kwa uwanja wa ndege, anatengeneza frigo ya cantine. Akirudi akapita Simi-Simi kwa mutu anayejaza mitungi ya zimamoto, ni yeye alimujazia. Alifika giza imeingia, courant ya umeme hakuna. Akaifunga hivi hivi, akaachia gaz iingie kwa pipa, akasema sabuni ni kesho asubuhi."

Katika bahasha, pamoja na kichupa, kulikuwa na kitu kingine cha mfukoni mwa marehemu ambacho hakuna aliyekitaja: kipete kidogo cheusi cha mpira, kipya, kipana kama ukucha wa dole gumba. Inspekta alikiweka kiganjani.

"Na hii?"

"Joint. Inakaa ndani ya nati, gaz isitoke. Ile ya zamani ilikuwa imechoka."

Aliandika. Kisha bila kuinua kichwa akauliza lile ambalo uani wote walikuwa wanalingoja.

"Kwa nini bia ni chungu?"

"Kongobololo. Majani ile unachemushia mutoto mwenye tumbo. Houblon, ile maua Wazungu wanatia ndani ya bia, haifike hapa, donc Isaïe alijaribu majani yote ya pori, moja moja. Ingine ilinuka kama soksi." Aligeuka kwa shemeji yake. "Wewe Benoît ulikunywa ile ya Pâques, ile ya Pasaka, ukaomba ingine. Haikuwa bololo siku ile?"

"Ile... ilikuwa ya baridi," Benoît alisema.

"Na kwa nini ulikataa kunywa Jumatatu?" inspekta aliuliza.

Virginie alielekeza kidole kwenye friza. "Ile pipa haiko ya kila siku. Ni ya tarehe kumi na mbili. Tunatimiza miaka makumi mbili na tano ya ndoa. Isaïe alisema kopo mbili za kwanza ni za mimi na yeye, mbele ya batu. Sasa banataka niikunywe kama mutu wa kesi. Hata mungeniua, siwezi."

Inspekta aligeuza ukurasa wa daftari.

"Nielezee Jumapili."

"Nilitoka misa ya kwanza. Nikafungua mulango. Alikuwa amepiga magoti, kichwa chini kabisa karibu na chupa ya gaz, bakuli ya sabuni pembeni. Nikainama nimushike. Puani ikaniuma, kama vile soda inakutokea puani. Miguu ikakwisha. Nikamuvuta mpaka hapa, nikaanguka. Banasema nilijifanya." Akafikiri. "Na kuku."

"Kuku gani?"

"Kuku yetu ya mayai. Aliatamia ndani ya kikapo, pale chini ya mbao. Alikufa juu ya mayai yake. Nilimutupa na kikapo."

"Hata kuku!" Benoît alidakia. "Chef, unasikia? Nani anauaga mutu na kuku yake? Iko uchawi na sumu pamoja!"

Inspekta alielekeza tochi darini. Kwenye kona buibui mkubwa alikuwa anatengeneza utando wake, mzima, na mijusi wawili wakamkimbia mwanga. Aliishusha tochi hadi sakafuni, mahali kikapu kilipokaa, kisha mahali palipokuwa na kichwa cha marehemu. Kimo kilikuwa kimoja. Akafunga daftari.

"Papa Benoît, kuku hanywi bia."

Benoît alitazama pale kikapu kilipokuwa.

"Nitafutie mshumaa," inspekta alisema. "Na beseni. Na sabuni."

Benoît alipoondoka, inspekta alimgeukia mjane. "Mume wako alikuwa mtu wa kupiga mistari. Mtu kama huyo hawezi kufungia gesi ndani ya chumba kisicho na dirisha bila kuiachia njia."

"Aliacha. Alisema hii gaz iko nzito, inalala chini kama maji. Dirisha haiisaidie. Akatoboa tundu chini ya ukuta, kule nyuma ya friza, kwa upande wa mama Kadidja. Akaweka na wavu, panya isiingie."

Inspekta alilala kifudifudi juu ya saruji, suruali ya kazi na yote, akapenyeza mkono nyuma ya friza. Aliugusa wavu. Alilowesha kidole, akakiweka pale, akangoja. Hakuna upepo. Akaingiza penseli kwenye tundu la wavu. Penseli iliingia upana wa kiganja, ikagonga kitu kigumu.

Aliinuka, akajipangusa, akaenda kwa jirani.

Mama Kadidja alikuwa mkongwe wa familia za Waislamu wa zamani wa mji, na nyumba yake ilikuwa na baraza safi na mikeka imekunjwa. Alimpokea inspekta kama mtoto wa ukoo.

"Karibu, mwanangu. Wewe si wa Nassoro? Baba yako alinijua nikiwa mwari. Kaa."

"Sikai, mama. Nataka kuona ukuta wako tu."

Aliinama. Chini ya ukuta, kimo cha kifundo cha mguu, palikuwa na kiraka cha saruji kipana kama sahani, cheupe kuliko ukuta wote, kimelainishwa kwa mwiko kwa uangalifu mkubwa, kingo zimepanguswa.

"Kazi nzuri," inspekta alisema.

"Ni Kambale, Mungu amubariki. Samedi nilikuwa na hitima ya marehemu wangu. Batu walikaa hapa hapa na misahafu. Nami nilimuambia tu, mutoto yangu, harufu ya chachu inatoka pale, inafika mpaka kwenye mukeka wa kisomo, nitafanya je? Akasema, mama, usijisumbue. Saa ile ile akaleta ciment yake, ile inayokauka haraka. Hata chai alikatala." Mama Kadidja alimtazama usoni. "Kwani nilikosa, mwanangu?"

"Hapana, mama. Uliomba heshima, ukapewa."

Aliporudi mshumaa ulikuwa tayari. Aliomba chupa ya gesi itolewe uani, mbele ya ukoo wote, nati yake ikiwa haijaguswa. Mshale wa saa ya gesi ulikuwa umelala karibu na sifuri. Chupa iliyojazwa Jumamosi jioni ilikuwa imebaki na pumzi ya mwisho tu. Jumapili mtu alikuwa ameifunga; inspekta aliifungua kidogo, akapaka povu la sabuni kwenye nati isiyo na mstari. Wote walisogea. Povu lilivimba, likawa kama jicho la chura, likapasuka, likavimba tena.

"Hapa ndipo ilipotokea," alisema. "Polepole, usiku kucha. Sasa mtazame."

Alielekeza gesi iliyobaki ndani ya beseni, akafunga. Beseni lilionekana tupu. Akawasha mshumaa, akaushikilia juu ya beseni. Uliwaka vizuri. Akaushusha. Ulipofika chini ya ukingo ulizimika, bila upepo, kama mtu aliyebanwa mdomo. Aliuwasha tena, akaushusha tena. Ukazimika. Mwanamke mmoja alipiga ishara ya msalaba.

"Kuku alilala ndani ya hii," inspekta alisema. "Buibui alikuwa juu yake. Isaïe aliingia Jumapili asubuhi na sabuni na joint mpya mfukoni, kuimaliza kazi yake. Kama angefanya kazi amesimama, labda angetoka na kichwa kinamwuma. Lakini nati iko chini. Alipiga magoti, akaingiza kichwa katika beseni hili. Mke wake naye aliinama, ikamgusa puani. Hakuna sumu. Bia ile hakuna mtu aliyeitia kitu."

"Lakini yaya alijua gaz!" Benoît alisema kwa nguvu, kama mtu anayemtetea marehemu. "Yaya hawezi fanya kosa kama ile. Haiwezekani!"

"Kweli. Hakufanya. Alijua gesi hii inalala chini, ndiyo maana aliiachia tundu chini ya ukuta itoke."

"Tundu gani?"

Alipouliza sauti ilikuwa ya kawaida. Inspekta alikunja daftari akangoja, maana kazi yake ilimfundisha kwamba kuna majibu ambayo ni ukatili kumpa mtu.

"Tundu gani, chef?" Mara ya pili sauti ilikuwa ndogo. Benoît alitazama kijumba, akatazama ukuta wa mama Kadidja, kisha akatazama mikono yake, ambayo kwenye mikunjo ya vidole haikosi vumbi la saruji.

"Nilizani ni ya panya," alisema. "Mama alikuwa na kisomo. Nikasema ni jambo ya heshima. Nilitaka kumuambia yaya jioni. Kamyo ya ciment ikaingia kwa depot, nikasahau. Kwa ndani hakuweza kuona, friza ilimuficha..." Akakaa chini, pale pale udongoni, na suruali yake ya matanga. "Shemeji. Ni mimi."

Virginie alimtazama, kisha akamtazama inspekta.

"Nitaandika kama ilivyokuwa," inspekta alisema. "Ajali. Mwendesha mashtaka atakuita, papa Benoît, utaeleza haya haya. Mama Virginie haendi popote." Ilikuwa saa tano na nusu. Alikaa juu ya kizingiti kile kirefu akaandika, na chini ya maelezo akachora: friza, pipa, mizunguko ya mpira, robinet, nati zote kumi na mbili kila moja mahali pake. Faili haikuhitaji mchoro. Alichora hata mkono wa mti wa robinet, na kivuli chake.

Virginie alikuwa amesimama mbele yake.

"Chef, ile joint na ile rangi. Umekwisha navyo?"

Inspekta alifikiria sheria ya vidhibiti. Kisha akaandika mstari mmoja zaidi, *vimerudishwa kwa mjane*, akampa.

Virginie alifungua nati kwa ufunguo wa mumewe. Alitoa kipete kilichochoka, akaweka kipya, akakaza. Akapaka sabuni, akafungua chupa, akangoja. Wote walingoja naye. Gesi ilikuwa kidogo, lakini ilitosha kusema kweli: povu lilikaa kimya, halikuvimba. Ndipo akachovya kibrashi katika rangi nyekundu, akapiga mstari wa kumi na mbili, mwembamba kama uzi.

Kutoka upande wa mama Kadidja ilisikika nyundo. Benoît alikuwa ameondoka bila kuaga, na sasa alikuwa anakivunja kiraka chake mwenyewe. Kilikuwa kimekauka vizuri, kilimchukua muda. Kisha kwenye wavu nyuma ya friza mwanga ukaingia, na pamoja nao upepo mdogo ukapita sakafuni na kupeperusha ganda moja la mpunga.

Aliporudi mikono ilikuwa imechubuka. Mtu wa ukoo, kwa kutojua la kufanya, aliuliza kama sasa ile bia inaweza kunywewa.

"Siyo leo," Virginie alisema. "Ni tarehe kumi na mbili." Alivuka kizingiti, akafunga kifuniko cha friza polepole, akamgeukia shemeji yake. "Na wewe utakuya, Benoît. Kopo ziko mbili. Ile yake, ni wewe utaikunywa."